Miaka Miwili ya Kuomba Nafasi ya Uzamivu wa Kemia Nikiwa Moshi

Barua ya kwanza ya kunikubali ilinifikia mwezi Machi 2022, nikiwa katika chumba cha walimu cha shule ya sekondari niliyokuwa nikifundisha kemia hapa Moshi, na kabla nusu saa haijapita nilikuwa nimeshampigia baba simu Kibosho kumweleza kwamba naenda kusoma Uingereza. Nilikuwa nimesoma mistari miwili ya juu tu. Aya ya nne ilieleza kwamba ada ya mwanafunzi wa kigeni ni zaidi ya pauni 20,000 kwa mwaka, kwa miaka mitatu, na kwamba nilitakiwa kuonyesha chanzo cha fedha hizo kabla ya kupewa hati ya kuombea viza. Ufadhili haukutajwa popote.

Nilipoifikia aya hiyo jioni, baba alikuwa ameshawaita baba wadogo wawili na shangazi, na Jumapili iliyofuata kikao kilikaa nyumbani. Kila mmoja alitaja atakachochangia. Baba mdogo mkubwa akapendekeza kwamba kipande cha kihamba, yaani shamba letu la ukoo, kilicho upande wa barabara kiuzwe, kwa kuwa mtoto wa kwanza wa ukoo kufika uzamivu si jambo la kila mwaka. Mama alikuwa akimimina chai na hakusema neno, lakini alikijaza kikombe kimoja mpaka chai ikamwagika kwenye sahani, kwa sababu kipande hicho ndicho chenye migomba yake na mibuni aliyoipanda mwaka alioolewa. Nikasema, "Baba, naomba msiuze. Hata kikiuzwa chote, fedha hiyo itaisha kabla sijamaliza mwaka wa pili." Baba aliniuliza kwa upole kwa nini basi niliomba chuo nisichoweza kukilipia, na sikuwa na jibu.

Naandika haya ili asitokee kijana mwingine wa Moshi au Arusha akawaitisha wazazi wake kikao cha namna ile. Kemia ni somo la maabara, na anayesoma uzamivu wa kemia kwa kweli anafanya kazi: anafundisha wanafunzi wa shahada ya kwanza, anaendesha mitambo, na matokeo yake ndiyo yanayompatia msimamizi fedha za utafiti unaofuata. Ndiyo maana idara nyingi za kemia Marekani humlipia mwanafunzi wa uzamivu ada yote na kumpa posho ya kuishi, na ndiyo maana Ujerumani na Sweden mwanafunzi wa kiwango hicho mara nyingi huajiriwa kwa mkataba wenye mshahara. Kwa anayeomba katika nchi hizo za nje, barua ya kukubaliwa isiyokuja na fedha ihesabiwe kuwa ni jibu la hapana. Hilo sikulijua, na nililijua nikiwa nimeshaumiza watu.

Safari yenyewe ilianza Juni 2021. Nilikuwa nimemaliza uzamili katika Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, pale Tengeru, nikiwa nimefanya utafiti wa kuondoa floraidi katika maji. Anayetoka huku hahitaji kuelezwa floraidi ni nini. Miamba ya volkano ya Mlima Meru huiachia ndani ya maji ya chemchemi na visima, na watu waliokulia vijiji vya Arumeru utawatambua kwa meno yenye rangi ya kahawia. Shirika la Afya Duniani linashauri floraidi isizidi miligramu 1.5 kwa lita, lakini yapo maji huku ambayo watu wanayanywa kila siku yakiwa yamezidi kiasi hicho mara kadhaa. Nilitaka kuendelea na swali hilo kwa vifaa ambavyo sikuwa navyo, na nilidhani kwamba nia hiyo inatosha.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kusoma kabla ya kuuliza. Rafiki aliniambia kwamba hakuna anayeingia chuo cha Marekani bila GRE, yaani mtihani wa kujiunga na uzamili au uzamivu, nikanunua kitabu kilichotumika na kwa miezi mitano nilikisoma usiku baada ya kusahihisha madaftari. Mwezi Oktoba ndipo nilipofungua kurasa za idara nilizozikusudia na kukuta kwamba nne kati ya sita zilikuwa zimeacha kuutaka mtihani huo, kama idara nyingi zilivyofanya kipindi cha korona. Mtihani wa GRE wa somo la kemia wenyewe uliondolewa kabisa mwaka 2023. Mtihani wa Kiingereza, yaani TOEFL, ulitakiwa na vyuo vyote sita, na huo niliufuata Dar es Salaam kwa basi la alfajiri. Ada yake ilizidi nusu ya mshahara wangu wa mwezi, lakini matokeo yake hudumu miaka miwili, kwa hiyo yalinifaa hata mwaka uliofuata. Ukiweza, ufanye mwezi ambao utakuruhusu kuomba misimu miwili kwa matokeo yale yale.

Ada za maombi zilikuwa kati ya dola 75 na 95 kwa kila chuo. Kwa vyuo sita nililipa dola 510, karibu shilingi milioni 1.2 kwa wakati ule. Juu ya hizo nililipa kampuni ya vifurushi isafirishe transkripti zangu halisi zenye mhuri kwenda vyuo vyote, wakati maelekezo, kama ningeyasoma kwa utulivu, yalisema kwamba katika hatua ya maombi nakala iliyopakiwa kwenye tovuti inatosha, na kwamba nakala yenye mhuri huhitajika kwa aliyekwisha kukubaliwa. Mwaka wa pili niliandika barua pepe fupi kwa mratibu wa masomo ya uzamivu wa kila idara, nikaeleza mshahara wa mwalimu wa Tanzania ni kiasi gani, nikaomba nisamehewe ada. Kati ya idara saba, tatu zilinisamehe. Jambo la kuangalia ni kwamba msamaha huo huombwa kabla ya kulipa, wiki tatu au nne kabla ya tarehe ya mwisho, kwa sababu ada ikishalipwa hairudi.

Barua za wadhamini zilikuwa tatu kwa kila chuo. Moja niliiomba kwa msimamizi wangu wa Tengeru, ya pili kwa mwalimu wa shahada ya kwanza ambaye sikuwa nimewasiliana naye kwa miaka minne, na ya tatu kwa mkuu wa shule yangu, mtu mwema sana, aliyeandika kwamba nawahi kazini, nashirikiana na wenzangu na sijawahi kupewa onyo. Kila neno lilikuwa la kweli. Lakini kamati ya udahili inamtafuta mtu atakayesimama kwenye maabara miaka mitano akikabili majaribio yasiyotaka kufanikiwa, na barua inayosaidia ni ya mtu aliyemwona mwombaji katika hali hiyo. Mwaka wa pili mdhamini wangu wa tatu alikuwa fundi sanifu mkuu wa maabara niliyofanyia uzamili, mwenye shahada ya uzamili naye, na nadhani barua yake ilinisaidia kuliko zote, kwa kuwa alieleza siku nilizofunga maabara saa nne usiku na sababu yake. Nilimwomba mwezi Agosti, nikampa tasnifu yangu, orodha ya vyuo na tarehe zake, na nikamkumbusha angalie pia sanduku la barua taka, maana kiungo cha kupakia barua huangukia huko mara nyingi.

Tarehe za mwisho kwa kemia Marekani nyingi huwa kati ya Desemba 1 na Desemba 15. Chuo nilichokitaka kuliko vyote kilifunga Desemba 15 saa sita kasoro dakika moja usiku. Nilidhani ni usiku wa kwetu. Saa tatu umeme ukakatika mtaani, nikahamia kwenye simu, bando likiwa linakaribia kuisha, nikapakia faili la maelezo binafsi kwa haraka na kutuma. Asubuhi, umeme uliporudi, nilifungua nakala niliyotuma nikakuta aya ya mwisho inasema kwa ufasaha kwamba ndoto yangu ni kusoma katika chuo kingine. Halafu nikagundua kwamba saa ile waliyoitaja ilikuwa ya mashariki ya Marekani, ambayo kwetu ni saa moja na dakika 59 asubuhi ya Desemba 16. Nilikuwa na saa nane zaidi na sikuzijua. Nililia, na sioni aibu kulisema.

Majibu ya mwaka ule yalikuwa matano ya kukataliwa na moja ambalo halikuja mpaka leo. Ile barua ya Uingereza ilikuwa ya saba, ya chuo nilichokiongeza mwishoni kwa kuwa hakikutoza ada ya maombi.

Mwezi Juni 2022 nilipanda Costa kwenda Tengeru kumwona msimamizi wangu wa zamani, nikiwa na karatasi zangu zote kwenye bahasha ya kaki. Alisoma maelezo yangu binafsi, yaliyoanza na jinsi nilivyovutiwa na kemia nikiwa mdogo nikimwona mama akitia magadi kwenye maharage. Akaiweka karatasi mezani akasema, "Hapa umenieleza unavyoipenda kemia, na mimi nakuamini. Sasa niandikie ulifanya nini siku ile vipimo vilipokudanganya."

Nilijua siku anayoisema. Katika uzamili wangu nilikuwa nikipitisha maji ya chemchemi kwenye mkaa wa mifupa ya ng'ombe niliokuwa nimeupaka alumini. Mkaa wa mifupa wenyewe umetumika Arusha miaka mingi, hasa kutokana na kazi ya kituo cha utafiti cha Ngurdoto, na kemia yake ni kwamba floraidi huingia kwenye madini ya mfupa na kukaa mahali pa haidroksidi. Nilitarajia alumini iongeze uwezo huo. Elektrodi ya floraidi, yaani kifaa cha kuipimia ndani ya maji, ilinionyesha maji yaliyochujwa yana miligramu 0.9 kwa lita, chini kabisa ya kiwango, nikafurahi wiki nzima. Kisha yule fundi sanifu akaniuliza kama naamini kwamba alumini yote imebaki kwenye mkaa. Haikubaki. Kiasi chake kilikuwa kimeyeyuka kwenye maji na kuikamata floraidi, na elektrodi huhesabu floraidi iliyo huru tu. Nilipoongeza bafa, yaani mchanganyiko wa kutuliza hali ya asidi ya maji, yenye kiungo cha kutosha cha kuinasa alumini ili floraidi iachiwe, nikatazama namba kwenye kioo cha mita ikipanda polepole mpaka ikasimama kwenye 2.6. Chujio langu halikuwa limefikia kiwango, na zaidi ya hapo lilikuwa linatia alumini kwenye maji ya kunywa. Niliandika hivyo hivyo kwenye tasnifu, nikiamini kwamba nimejiharibia.

Aya hiyo ndiyo iliyokuja kuwa mwanzo wa maelezo yangu mapya. Katika mahojiano manne niliyofanya kwa video Januari na Februari 2023, maprofesa wote wanne waliniuliza kuhusu alumini, na kwa hakika sikumbuki aliyeniuliza wastani wa alama zangu. Magadi ya mama niliyaacha, ingawa baadaye yalirudi kwa mlango mwingine, maana magadi yenyewe huwa na floraidi.

Kuhusu barua pepe kwa maprofesa, mwaka wa kwanza nilituma 40, zote maneno yale yale na jina tu likibadilika, na nikajibiwa mbili. Mwaka wa pili nilituma 11. Kwa kila mmoja nilisoma kwanza makala zake mbili za miaka ya karibuni, nikaandika sentensi mbili kuhusu jambo nililoliona humo linagusa kazi yangu, kisha nikauliza swali moja: kama anatarajia kupokea mwanafunzi mpya mwaka unaofuata. Watano walijibu. Wawili kati yao walisema hapana, na hapana hizo mbili ziliniokolea ada za maombi. Ipo tofauti ambayo mwombaji wa huku ni vizuri aifahamu mapema. Ujerumani unamwendea profesa moja kwa moja, na akikukubali ndiye kazi yako na ndiye mkataba wako. Marekani, katika kemia, kwa kawaida unakubaliwa na idara, na maabara utakayokaa unaichagua baada ya kufika, wakati mwingine baada ya kupita maabara kadhaa kwa wiki chache chache. Kumwandikia profesa wa Marekani hakukupi nafasi, lakini kunakujulisha kama ndani ya idara ile kuna mlango kwa ajili yako.

Nilikuwa pia na wasiwasi kwamba shahada yetu ya kwanza ya miaka mitatu ingenikwamisha, kwa kuwa ya Marekani ni ya miaka minne na baadhi ya vyuo huizingatia tofauti hiyo. Uzamili uliniondolea tatizo hilo. Anayetaka kuruka uzamili aulize idara kwanza.

Kufikia mwanzoni mwa Machi 2023 nilikuwa na barua tatu, na zote zilikuja na fedha. Hapa ndipo ningependa kukaa zaidi, kwa sababu kabla ya barua wewe ndiye unayeomba, na baada ya saini wewe ndiye unayefuata masharti, na katikati zipo wiki chache ambazo wao ndio wanaokusubiri. Nilikaribia kuzipoteza wiki hizo kwa furaha.

Barua ya Ujerumani ilitoka kwa profesa ambaye makala zake nilikuwa nimezinukuu katika tasnifu yangu. Mkataba ulikuwa wa nusu ya mshahara wa daraja la 13 katika ngazi za mishahara za huko, jambo la kawaida kwa wanakemia huko, kwa mwaka mmoja unaoweza kuongezwa. Barua ya pili ilikuwa ya chuo cha Marekani chenye jina kubwa, na posho yake iliizidi ya tatu kwa dola 4,000 kwa mwaka. Ya tatu ilikuwa ya chuo cha jimbo katika mji mdogo wa Marekani ambao nilipoutaja nyumbani hakuna aliyewahi kuusikia. Baba mdogo alilijua jina la kile cha pili, akasema kwamba hata redioni amelisikia, na kwake mjadala ulikuwa umekwisha. Sikumlaumu, kwa kuwa hata mimi moyo wangu ulikuwa umeelekea huko.

Aliyenizuia ni dada mmoja wa Arusha aliyenitangulia kusoma nje kwa miaka mitatu. Aliniuliza, "Mdogo wangu, umeshaongea na wanafunzi wao, profesa akiwa hayupo?" Sikuwa nimeongea na yeyote. Idara za Marekani huwaalika waliokubaliwa kuzitembelea mwezi Februari au Machi, na sisi tulio mbali tuliwekewa kikao cha video ambacho kila mtu alitabasamu. Niliandika kuomba mazungumzo ya pembeni na wanafunzi wa kila maabara, nikanunua daftari la kaunta kwenye steshenari ya karibu na stendi, nikaandika maswali yale yale kwa kila chuo na kuacha nafasi ya majibu.

Niliuliza posho inalipwa miezi 12 au tisa, kwa sababu posho ya miezi tisa inayoonekana kubwa inamwacha mtu wa kigeni msimu wa kiangazi bila chakula na bila ruhusa ya kutafuta kazi anayotaka. Niliuliza kodi ya chumba ni kiasi gani, na ni michango gani ya chuo ambayo hukatwa hata kama ada imelipwa. Niliuliza wanafunzi watano wa mwisho kumaliza walichukua miaka mingapi na sasa wako wapi, na wangapi waliondoka kabla ya kumaliza. Niliuliza profesa hukutana na mwanafunzi mara ngapi kwa mwezi. Niliuliza nani anayekagua usalama wa maabara, na hilo sikuliuliza kwa kujaza ukurasa: Desemba 2008 mtafiti kijana katika maabara ya chuo kimoja cha California alishika moto akihamisha kemikali inayowaka ikigusa hewa, hakuwa amevaa koti la maabara, na akafariki Januari iliyofuata. Mtu anayesita kujibu swali la usalama ameshalijibu.

Majibu yaliyogeuza uamuzi hayakuwa marefu. Katika maabara ya Ujerumani, mtafiti mmoja aliyekwisha kupata uzamivu alinieleza kwa uungwana kwamba profesa anastaafu baada ya miaka miwili na kwamba fedha za mradi unaonilipa zinaishia hapo hapo. Hakuna aliyenificha, ila hakuna aliyenieleza mpaka nilipouliza, na mkataba wangu ulikuwa wa mtu huyo mmoja. Katika chuo chenye jina, maabara iliyofanana na kazi yangu ilikuwa moja tu, na wanafunzi wake watatu walinijibu kwa sentensi fupi zinazofanana. Nilipouliza wangapi waliondoka, kimya kilidumu mpaka nikadhani mtandao umekatika. Usiku ule mmoja wao aliniandikia akiomba tuongee kwa simu. Kati ya wanafunzi wanane waliopita, watatu walikuwa wameondoka na uzamili, na waliomaliza walikuwa wakichukua karibu miaka saba. Nilipiga hesabu ya kodi ya mji ule, na zile dola 4,000 za ziada ziliisha kabla sijafika mwezi wa tano.

Chuo cha mji mdogo kilikuwa na maabara tatu ambazo ningeweza kufanya kazi kwa moyo wote: moja ya vichujio vya maji, moja ya vipimo na vihisi, na moja ya kemia ya udongo na madini. Posho ilikuwa ya miezi 12. Mwanafunzi mmoja kutoka Nepal alizungumza nami saa nzima, akaniambia pia mabaya: mwaka wa kwanza kufundisha kunachukua saa 20 kwa wiki, basi la mjini halipiti Jumapili, na baridi ya Januari ilimfanya afikirie kurudi nyumbani. Aliyenieleza mabaya bila kuangalia nyuma yake ndiye niliyemwamini.

Ujerumani walitaka jibu ndani ya siku 10. Niliomba wiki moja zaidi kwa maneno ya heshima na walinipa bila shida. Vyuo vya Marekani vilivyosaini makubaliano ya Baraza la Vyuo vya Uzamili la huko humruhusu aliyepewa ufadhili kuamua hadi Aprili 15, kwa hiyo ukiona unasukumwa kabla ya tarehe hiyo, ukumbushe ukweli huo kwa upole. Nilijibu Aprili 6. Siku hiyo hiyo niliwaandikia wale wawili niliowakataa, kwa kuwa nafasi niliyoishikilia ilikuwa inasubiriwa na mtu mwingine anayefungua barua pepe kila asubuhi kama nilivyokuwa nikifanya mimi mwaka uliotangulia.

Kumweleza baba ilikuwa kazi nyingine. Nilienda Kibosho na daftari lile, nikamsomea majibu ya maabara zote tatu, neno kwa neno. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama yule mtoto wa Nepal ana wazazi, kisha akasema, "Nenda huko ambako wamekwambia kuhusu baridi."

Gharama hazikuishia kwenye barua, na hili watu wengi hawalitaji. Nililipa ada ya SEVIS, yaani mfumo wa Marekani wa kuwasajili wanafunzi wa kigeni, dola 350, ada ya viza dola 160 kwa wakati ule, ambayo Juni 2023 ilipanda kuwa 185, safari mbili za Dar es Salaam, nauli ya ndege, na amana ya chumba. Nilifika katikati ya Agosti, na posho ya kwanza iliingia mwishoni mwa Septemba. Nilivuka kipindi hicho kwa mkopo wa shilingi milioni 4 wa SACCOS, ambao nilimaliza kuulipa Mei iliyofuata.

Maabara ya vichujio, ile niliyoitamani tangu nikiwa Tengeru, haikunipokea. Desemba 2023 profesa wake aliniita ofisini akaniambia kwamba maombi yake ya fedha hayakupita na hawezi kuchukua mwanafunzi mwaka ule. Nilitoka pale nikiwa na huzuni, lakini si kwa hofu, kwa sababu milango miwili mingine ilikuwa bado ipo kwenye korido ile ile. Januari nilianza katika maabara ya vipimo, na swali langu sasa ni namna ya kutambua floraidi iliyojificha ndani ya alumini bila mtu wa kijijini kuhitaji bafa wala elektrodi ya gharama.

Lile daftari la kaunta liko Tengeru kwa sasa, kwa kijana anayesomea uzamili na aliyepata barua mbili mwaka huu. Jana usiku alinipigia akiuliza kama ni utovu wa adabu kumwuliza mwanafunzi asiyemfahamu analipa kodi kiasi gani. Nilimwambia aulize, na aulize pia posho ya kwanza inaingia tarehe ngapi.